Shahidi wa Chumba cha Tano B

Nimekaa hapa tangu alfajiri, kibali shingoni,
kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa mbao.
Kazi yangu leo inaitwa shahidi.
Jumapili pia naitwa shahidi, ila huko
hawanilipi franga elfu kumi na mkate.

Mvua ya usiku imeuteremsha udongo wa Kadutu
mpaka mlangoni. Kila anayeingia anaacha nyayo,
nami nawajua kwa nyayo kabla ya sura:
shemasi Balagizi, buti za mgodini;
vijana wa kwaya, wamekuja pamoja, wamefunga
siku tatu, midomo imekauka kama ganda la muhogo;
Mama Cibalonza, sapatu za kuazima,
mjukuu mgongoni amelala.

Wote walikuwepo Jumapili ile
alipokuja mheshimiwa Cirimwami, namba hamsini na tatu,
akakaa benchi la mbele na mkewe,
mikono juu ya mapaja, kama mtu anayesubiri daktari.
Pasta hakumtaja jina. Alisema tu:
njia mbili zilimshinda fisi.
Kanisa likaitika amina. Benchi la mbele nalo
likaitika, kwa sauti ndogo, limechelewa.

Kosa lake linajulikana. Aliinua mkono
kwa ile sheria ya wasichana wenye mimba:
wajifungue, wanyonyeshe, warudi darasani.
Wenzake walitoka nje kupokea simu.
Yeye alibaki, akainua mkono, si sana,
mpaka usawa wa sikio, wanasema waliokuwa ukumbini.
Kwa kanisa, mkono ule ulifika mbinguni kutukana.
Kwa akina mama wa kituo cha afya
usawa wa sikio haukutosha.

Walitaka atubu mbele ya madhabahu. Akapewa maikrofoni.
Akasema barabara ya Nyamugo itatengenezwa.
Akasema anamcha Mungu tangu tumboni mwa mamake.
Akanyamaza. Kisha akasema:
"Ndugu zangu, yule mtoto alikuwa wa pili
kati ya wanafunzi hamsini..."
na umeme ukakatika.
Wapo wanaosema ni mvua.
Wapo wanaosema si mvua.

Mashine iko kwenye kona, nyuma ya katoni.
Inalia kidogo kila mtu anapomaliza,
kama kifaranga. Nahesabu milio.
Cibalonza amekawia mle.
Ofisa anakohoa: mama, gusa picha tu.
"Picha ni nyingi," anajibu, "na wote wanacheka."
Mtoto mgongoni ameamka, anavuta kitambaa cheupe
cha kichwa cha bibi yake, kitambaa cha Jumapili.
Mama yake mtoto aliketi chumba hiki hiki,
dawati sijui lipi, mpaka Machi ya mwaka juzi.
Sheria ilipopita, alikuwa keshazoea kuuza makala.

Kifaranga kikalia.
Akatoka, kidole cheusi, hakunitazama.

Usiku, taa ya betri. Wanasoma karatasi moja moja,
na nzi wa mwangaza wanaanguka juu ya majina.
Mtu wa Pasta: mia moja themanini na sita.
Hamsini na tatu: kumi na moja.
Natia sahihi. Shahidi huandika
alichokiona, si alichokitaka.

Simu ya mheshimiwa inaita mfukoni mwangu.
Naiacha iite.
Kwa sababu nilikuwa nimehesabu kumi, kwa majina:
mwalimu Murhula na nduguye, wakunga wawili,
fundi wa redio, wale wanne wa nyumba ya bluu,
na wa kumi mimi.
Wa kumi na moja ni nani, basi?

Ningelala na swali hilo moja, lingenitosha,
lingekuwa hata tamu.
Lakini mimi nilijihesabu kabla sijaingia.
Asubuhi, nyuma ya katoni, na mkate wake tumboni,
nikiwasikia wanakwaya wakinong'ona zaburi mlangoni,
nilisimama
kuliko alivyosimama Cibalonza.